Mguu wa Mtoto na Kiatu cha Idd

Kila linapowadia kumi la mwisho la Ramadhani, sisi wa kamati ya msikiti hukutana baada ya Tarawehe kupanga mavazi ya Idd ya watoto yatima wa mtaa wetu. Kanzu na magauni hayana mgogoro: lililo refu hupindwa, lililo pana hupunguzwa kwa sindano. Viatu ndivyo vinavyotuweka barazani hadi usiku mkubwa, kwa kuwa kiatu hakipindwi wala hakipunguzwi, na mguu utakaokivaa ungali unakua.

Mwaka huu orodha ilikuwa na watoto 41, wa miaka miwili hadi kumi. Zikatolewa rai mbili. Mzee wetu mmoja alisema vinunuliwe Kariakoo kwa bei ya jumla, kwa kukadiria umri, na kila mtoto aongezewe namba mbili ili kiatu kimfikishe Idd ya mwakani. Rai hiyo ilikuwa na uzito wake, kwani fedha za wachangiaji ni amana na mzee aliogopa zisipotee. Wengine wakasema watoto wa umri mmoja hawana mguu mmoja, hivyo kila mtoto apimwe. Baada ya mashauriano tuliafikiana kupima, na tuliyoyaona twayaandika hapa kwa faida ya wazazi.

Upimaji haukuhitaji chombo chochote cha gharama. Tulitandika karatasi sakafuni, mtoto akasimama wima kisigino kikigusa ukuta, uzito wake ukiwa juu ya miguu yote miwili, kisha tukatia alama penye ncha ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Tulipima baada ya Alasiri, kwa sababu mguu hutanuka kidogo kadiri siku inavyokwenda. Tulipima miguu yote miwili, maana kwa watu wengi mmoja humzidi mwenziwe. Kiatu hufuata ule mkubwa.

Juu ya urefu huo huongezwa takriban sentimita moja, nafasi ya vidole kujinyoosha na mguu kukua. Kwa namba zilizozoeleka madukani kwetu, hesabu yake ni nyepesi: urefu pamoja na nafasi huzidishwa kwa 3, kisha hugawanywa kwa 2. Mguu wa sentimita 17, ukiongezewa moja, huwa 18, na kiatu chake ni namba 27. Hata hivyo viwanda havilingani, na namba hubaki kuwa dalili tu. Dawa yake ni kukata ukanda wa karatasi ngumu wenye urefu uliopatikana na kuutia ndani ya kiatu. Ukikunjika, kiatu ni kifupi. Ukisogea sana mbele na nyuma, kimezidi.

Siku ya kupima, wavulana wawili wa miaka sita waliokaa mkeka mmoja walitofautiana kwa namba tatu: mmoja 27, mwenziwe 30. Mzee wetu alizitazama zile karatasi mbili kwa muda mrefu, kisha akaomba rula awapime waliosalia kwa mkono wake mwenyewe.

Lililotugusa zaidi lilitokea siku ya kugawa. Binti mmoja wa miaka minane alikuwa amependa viatu vyekundu vilivyokusudiwa mtoto mwingine. Tulipomruhusu avijaribu alisema vinamtosha kabisa, akasimama na kutabasamu. Mama mmoja wa kamati alibonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, akakuta vidole vya mtoto vimekunjwa ndani. Alipoulizwa kwa upole, alijibu kuwa alichelea akisema vinabana angekosa kabisa. Tukapata funzo kwamba kauli ya mtoto peke yake haitoshi. Mwenye hamu ya kiatu atauficha uchungu wake, na yatima aliyezoea kukosa atauficha zaidi. Siku ya pili alipatiwa vyekundu vya namba yake.

Huenda msomaji akauliza, ubaya uko wapi mtoto akivumilia kidogo? Mifupa ya mguu wa mtoto mdogo kwa sehemu kubwa bado ni gegedu laini, na haikamiliki kuwa migumu mpaka miaka ya mwisho ya ujana. Kwa ulaini huo kiatu huweza kuubana mguu bila mtoto kulia. Baadaye huja malengelenge, sugu, ukucha unaoota kuingia nyamani, na vidole vinavyopandana. Na kiatu kilichozidi namba mbili hakiokoi fedha: mguu huteleza ndani, vidole hujishikiza, na mtoto hujikwaa.

Umbo nalo litazamwe. Mbele pawe papana, kisigino kiwe imara, na soli ikunjike penye vidole, isikunjike katikati. Watoto wetu huvua na kuvaa viatu mara nyingi kwa siku, nyumbani, madrasa na msikitini, na kiatu kigumu kuvalika huishia kukanyagwa kisigino. Kwa wadogo huchaguliwa chenye utepe wa kubandika, ambacho mtoto atakifunga mwenyewe, akianza na mguu wa kulia kama alivyopenda Mtume wetu (s.a.w.). Mchanga asiyetembea hahitaji kiatu, na anayejifunza hufaidika kutembea peku juu ya sakafu salama. Nje ni lazima avae, kwani minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya nyayo.

Viatu vya mtumba au vya kaka mtu havina aibu, ila soli ikaguliwe. Iliyolika upande mmoja imeshika mwendo wa mguu mwingine na itaupotosha huu mpya. Kwa ajili hiyo kamati imeamua viatu vitakavyobana vingali vizima na soli haijalika virejeshwe msikitini, vipewe mtoto mwingine. Hofu ya mzee wetu imepata jawabu lake hapo, na amana haikupotea.

Ndugu wazazi, mtoto wa chini ya miaka mitatu apimwe kila baada ya miezi miwili, na mkubwa wake kila baada ya mitatu au minne. Jioni ya leo akirudi madrasa, msimamishe na ubonyeze ncha ya kiatu chake. Ukikuta kidole kimegota mbele, usingoje sikukuu.

Wabillahi tawfiq.