Shingo za Wapagazi wa Cyangugu

Kabla ya motokaa kufika Cyangugu, mizigo ilisafiri juu ya vichwa vya watu na ndani ya mitumbwi ya Ziwa Kivu. Tabibu wa Kijerumani, Richard Kandt, alifika ziwani mwaka 1898 akajenga makao huko Shangi. Mwaka 1907 ukaja msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg, na kamera zake. Vitabu vikawatangaza mabwana hao. Waliowabebea mizigo, wengi wao hawana jina hata moja chini ya picha.

Azitazamaye picha za safari za siku zile na azikazie macho shingo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia kilo 30, chini yake ngata tu. Wanyarwanda nao huiita ingata. Neno lenyewe ni ndugu. Mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, machela ya kienyeji, na jina hilo hilo ndilo la mbeleko ya mtoto mgongoni mwa mama.

Mwaka 1916 Wabelgiji walivuka Mto Rusizi kuwapiga Wajerumani. Askari wa pande zote mbili walikula chakula kilichofika kichwani mwa mtu. Mtu huyo hakupata nishani.

Nyumba yenye picha ya babu imwonyeshe mzee anayemtambua, nayo iandike jina nyuma yake kwa kalamu ya risasi, angali hai mzee huyo.