Freddie wa Unguja na Dawa Zangu za Usiku

Nyimbo za Queen nilianza kuziimba Diani kabla sijajua kuwa mwenye sauti ile ni mtoto wa mwambao huu huu. Tulikuwa bendi ya hoteli: gitaa, kinanda, ngoma, na mimi mwimbaji. Wageni wakishakula cha jioni tunawapa Jambo Bwana, ule wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982 ambao hakuna bendi ya pwani inayoukwepa, kisha Malaika, kisha anainuka Mwingereza aliyebabuka kwa jua, anataka Queen. Tuliimba zile nyepesi. Bohemian Rhapsody hatukuithubutu. Ni karibu dakika sita, ina kwaya nzima ndani yake, na katikati kuna bismillah. Mpiga ngoma wetu, Mdigo wa Gazi aliyelelewa madrasa, alipoisikia kwenye kaseti aliweka vijiti chini akauliza, "Huyu mtu ni nani hasa?"

Tukaulizia, tukaambiwa. Ni Freddie Mercury, na jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu enzi za Waingereza. Alipelekwa bado mdogo kusoma shule ya bweni Panchgani, India, akarudi nyumbani mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yakawahamisha, wakafikia Feltham, pembeni mwa London, naye ana miaka 17. Mpiga ngoma alihesabu kwa vidole: Shimoni, Pemba, Unguja. "Kumbe ni jirani," akasema, na tangu siku hiyo alizipiga nyimbo zake kwa heshima zaidi.

Ya Agosti 1997 nayapita haraka, kwa kuwa kila mtu wa kusini ya pwani ana hadithi yake ya machafuko ya Likoni. Watalii walikimbia, hoteli zikafunga milango, sisi tukarudi kuvua na kulima muhogo. Kazi iliporudi, ilirudi kwa ujira mdogo, lakini ilirudi. Mtihani wangu haukuwa huo.

Mwaka 2005 nilitokwa na mkanda wa jeshi ubavuni. Waliosema nimetupiwa kitu walikuwa wengi kuliko waliosema niende hospitali, na mjomba wangu, ambaye kwetu Wadigo neno lake ni zito kuliko la baba, alinipeleka kwa mganga. Nilikunywa kombe, nikafukizwa. Mkanda ulikauka, ukaacha makovu yake, halafu koo ikaingia utando mweupe. Mtu mwingine angesema ni kidonda cha koo tu. Kwa mwimbaji ule ulikuwa msiba. Kumeza mate kulikuwa kama kumeza mchanga, na noti za juu zilizonilisha miaka yote zikakatika. Hoteli niliyokuwa naimba haikunifukuza. Iliacha tu kuniita.

Nilipopimwa nikakutwa na virusi, na kinga yangu ya mwili ilikuwa imeshuka sana, chini ya 100 kwa hesabu ya CD4. Jambo la kwanza nililofikiria, na sioni haya kulisema, si watoto wala mke. Nilimfikiria Freddie. Huyu alikuwa tajiri, ana nyumba ya fahari Kensington na madaktari wa kumjia kitandani, na bado alifariki tarehe 24 Novemba 1991, umri wake 45, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kuwa ana ukimwi. Ikiwa yeye hakupona, mimi wa Msambweni nitashika wapi?

Nilimwambia muuguzi maneno hayo. Hakunionea huruma hata kidogo, na namshukuru kwa hilo. Alisema, "Kaka yangu, huyo alikufa tisini na moja. Wewe hapa ni elfu mbili na tano." Kisha akanieleza: wakati Freddie anaugua, madaktari walikuwa na dawa moja moja, AZT na jamaa zake, na virusi vilizizoea upesi. Mchanganyiko wa dawa tatu, unaovibana virusi kila upande visipate mwanya, ulianza kutumika mwaka 1996. Ilikuwa miaka mitano tu baada ya kifo chake. Miaka mitano ni mkataba mmoja na nusu wa hoteli.

Nikaanza vidonge, asubuhi na jioni. Dawa za wakati ule zilikuwa na ukali wake. Stavudine ilininyonya mashavu mpaka watu wakanitambua ugonjwa kwa uso, na nyayo zikawaka moto usiku. Lakini utando ulitoka kooni. Mwaka 2006 serikali iliondoa malipo ya dawa hizi katika hospitali za umma, na kwetu, ambao nauli ya matatu yenyewe ni ya kukopa, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwaka huohuo Unguja walitaka kusherehekea miaka 60 ya kuzaliwa kwa Freddie, jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO ikapinga kwa sababu ya mwenendo wake, na sherehe ikafutwa. Niliipata habari hiyo nikiwa nimeshika kopo langu la vidonge, nikaona jinsi mtu anavyoweza kufa miaka kumi na mitano na bado akafukuzwa kwao.

Wapo wanaomlaumu kwa kuficha. Alijua hali yake tangu 1987 na alinyamaza hadi siku ya mwisho. Wanasema angesema mapema, wangeokolewa wengi. Huenda. Lakini wanaosema hivyo hawakuwapo Ukunda miaka ya tisini, maiti ikioshwa kwa hofu na sahani ya mgonjwa ikitengwa. Kenya yenyewe ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999, na hata baada ya hapo tuliendelea kusema fulani "ana malaria sugu". Naye waandishi wa magazeti walikuwa wamepiga kambi nje ya lango lake. Aliwapenda wanaume, na kwenye baraza nyingi za kwetu hilo pekee linatosha jina lako lisitajwe. Mimi sina kazi ya kumhukumu marehemu.

Ninachokishika ni alichofanya ndani ya kimya kile. Alifanya kazi. Albamu ya Innuendo ilitoka Februari 1991 na hali ni mbaya tayari. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, amesimulia kuwa alihofia The Show Must Go On ingemshinda mwenzake, ambaye hata kutembea kulimtaabisha. Freddie akapiga vodka, akaingia, akaimba. Mei mwaka huo akasimama mbele ya kamera kwa mara ya mwisho, amekonda, rangi imepakwa nzito usoni. Kule Montreux aliendelea kurekodi sauti ambazo wenzake walizimalizia, zikatoka mwaka 1995 katika Made in Heaven. Sikiliza sauti ile. Mwili unakwisha, koo ingali ya mtu mzima. Nilikuwa naziweka nyimbo hizo nyayo zikiwaka, na mke wangu akilalamika ni usiku.

Mimi kimya sikukiweza, wala sikukihitaji, kwa kuwa nilikuwa na dawa ambayo yeye hakuipata. Nilikwenda kwa mjomba nikampigia shikamoo, nikamwambia si mashetani, ni virusi vya ukimwi, na nakunywa dawa. Alikaa kidogo. Akauliza, "Na mkeo?" Nikasema amepimwa, hana. "Basi mwambie akulishe," akasema. "Dawa na njaa hazilali nyumba moja." Siku ya pili akaleta mkungu wa ndizi na samaki wa kukaanga, na mambo ya mganga hayakutajwa tena. Wengine hawakuwa kama mjomba. Majirani wawili watatu waliacha kunywa maji kwangu, na sijawasahau.

Baadaye dawa zikabadilishwa. Efavirenz ya usiku iliniletea ndoto za ajabu, nikawa naimba Wembley na nyumbu wa Mara wamejaa uwanjani. Sasa ni kidonge kimoja chenye dolutegravir, hakina kelele. Kipimo hakivioni tena virusi, na asiyeonekana navyo, akiendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Mtoto wetu wa mwisho amezaliwa katika miaka hii, yuko salama. Hata 2020, hoteli za Diani zilipofunga kwa korona na nikapoteza kazi tena, dawa hazikukatika.

Watu hukumbuka ule mkono juu wa Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, alipoushika uwanja mzima wa Wembley kwa dakika ishirini na kitu, katika tamasha la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia. Mimi huanzia 20 Aprili 1992, akiwa ameshafariki. Wenzake waliimba kumkumbuka pale pale Wembley mbele ya watu wapatao 72,000, na fedha zikazaa Mercury Phoenix Trust, mfuko ambao mpaka leo unasaidia mapambano dhidi ya ukimwi nchi mbalimbali. Unguja nao walilainika: tangu Novemba 2019 ana makumbusho yake Shangani. Nimewaambia vijana wa bendi tuchange nauli twende.

Kwa sasa tuna jambo lingine. Kikundi chetu cha wanaoishi na virusi kimeomba tuimbe Siku ya Ukimwi Duniani, Desemba mosi, na safari hii tumeamua kuivaa Bohemian Rhapsody yenyewe. Kwaya ni wanakikundi, wengi hawajawahi kuimba Kiingereza maishani mwao. Sauti ya juu kabisa imetushinda wanaume wote, tukampa mama mmoja muuza viazi karai. Mpiga ngoma wa Gazi, mvi tupu kichwani, amekubali kupiga kwa sharti moja, kwamba ile bismillah aiimbe yeye.