Golikipa kutoka Leicester

Leicester, Julai 2022. Dada anakaa ghorofa ya tatu. Kwenye zulia la sebuleni pana mahali pawili palipochakaa, ukubwa wa nyayo za mtoto. "Hapo ndipo mpwa wako alipokuwa akirukaruka," ananiambia. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila asubuhi alisimama mbele ya televisheni kumfuatisha Joe Wicks, mwalimu wa mazoezi aliyeanza Machi 23 kuwarusha watoto wa Uingereza kwa YouTube akiwa sebuleni kwake. Wiki ya tatu jirani wa chini akaanza kugonga dari kwa mpini wa ufagio. Mazoezi yakaishia hapo.

Nje nako kulibana. Hadi katikati ya Mei, kutoka kufanya mazoezi kuliruhusiwa mara moja kwa siku, na bembea zilizungushiwa utepe. Viwanja vya watoto England vilifunguliwa Julai 4, ila si Leicester: maambukizi yalikuwa yamepanda, mji ukaendelea kufungiwa peke yake. Kijana alikuwa na miaka kumi.

Wenzetu wa England huwapima watoto urefu na uzito shuleni, wakianza na wakikaribia kumaliza msingi, kwa hiyo hawabahatishi. Kwa wa miaka 10 na 11, unene uliopindukia ulitoka asilimia 21 mwaka wa masomo 2019/20 ukafika 25.5 mwaka uliofuata. Kwa wa miaka 4 na 5 ulitoka 9.9 ukafika 14.4. Baada ya mwaka mmoja wadogo walikuwa wamerudi 10.1. Wakubwa walishuka hadi 23.4 tu.

Kampala, Septemba. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 10, 2022. Hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kuliko huo. Kwa hesabu zangu za Leicester, nilitarajia kukuta watoto wazito. Mwenyeji wangu alicheka, akamwita kijana wa jirani, akamwambia anionyeshe viganja. Ngozi ilikuwa ngumu kama ya kisigino. Alikuwa amebeba matofali kwenye tanuri muda wote huo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku. Huyu alizimaliza kabla ya chai, kama chai ilikuwepo. Kikombe cha uji wa shuleni kilikuwa kimeondoka na shule. Nilimuuliza habari za mgongo. Akasema unauma akikaa darasani, si akibeba.

Mizani ya Leicester ingempitisha bila swali.

Tanga, Desemba. Kwetu shule zilifungwa Machi 17, 2020, zikafunguliwa Juni 29, na hakuna aliyefungiwa ndani. Watoto wa Ngamiani walipiga chandimu kutwa, sisi watu wazima tukilalamikia mabati yetu. Sisifii yaliyofanyika, tulizika watu, na takwimu zikaacha kutangazwa. Uzito wa watoto ndiyo kabisa, nani angeupima? Nasema nilichokiona kwa macho: hawakuacha kukimbia.

Mpwa wangu alikuja likizo. Jioni ya kwanza akakimbia hadi kwenye mwembe na kurudi, akainama, mikono magotini. Hakuna aliyemcheka. Watoto wa mtaa wetu hawana muda huo, wanapanga timu.

"We mrefu, kaa golini."

Akasimama katikati ya kandambili mbili. Usiku akaniuliza, "Mjomba, hapa nani anapuliza filimbi ya mwisho?" Nikamwambia hakuna, mnacheza hadi mpira usionekane.

Siku ya nne nilikuta golini yupo mwingine, aliyejikwaa kidole akafungwa kitambaa. Wetu alikuwa beki, anatembea zaidi kuliko anavyokimbia, na anawapigia wenzake kelele warudi nyuma.