Daftari la Pikapu

Kazi yangu ya kwanza kwenye gari ilikuwa kufunga habu. Tukifika chini ya mlima, pale matairi yalipokuwa yamechimba udongo mwekundu ukawa mifereji miwili, baba alisimamisha pikapu akasema, "Shuka." Niliruka, nikazama kwenye tope mpaka vifundoni, nikazunguka mbele na kushika kile kitasa cha katikati ya gurudumu, nikakigeuza kutoka FREE kwenda LOCK. Kwanza cha kushoto, kisha cha kulia. Cha kulia kilikuwa kigumu tangu siku hiyo. Nikisharudi ndani baba alivuta kile kirungu kifupi cha gia, na magurudumu yote manne yakaanza kukamata. Ilikuwa 1995, nami nina miaka 9. Habu zisipofungwa mlima ule haupandiki, na kazi hiyo ilikuwa yangu.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya 1991, ile ambayo mafundi huitaja kwa herufi na namba zake, LN106: kabini moja, springi bapa mbele na nyuma, ekseli nzima mbele kama ya lori, injini ya dizeli ya 3L isiyo na turbo wala kompyuta. Baba aliipata kwenye mnada Songea. Fedha ilitoka Brazil, kwa namna ya kusema. Katikati ya 1994 baridi kali iliunguza mikahawa ya huko, bei ikapaa duniani, nasi wa milima ya Umatengo, tunaolima miteremko kwa mashimo ya ngolo na kupanda kahawa, tukauza kwa bei ambayo wazee hawakuwahi kuiona. Baba alikuwa karani wa chama cha msingi. Jioni ile ile gari lilipofika nyumbani alichukua daftari gumu la kurasa 200, akapiga mistari kwa rula: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, gharama. Kazi isipokamilika, mwisho wa mstari aliandika: itazamwe tena.

Daftari hilo ninalo mezani sasa, pamoja na la pili na la tatu. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta bei ya kitu au tarehe ya kubadilisha oili. Miaka ya karibuni nilianza kulisoma kwa macho mengine, nikaona kwamba linaeleza nchi iliyopita chini ya gari kuliko linavyoeleza gari lenyewe.

Kurasa za kwanza zote ni springi. Jani la springi limevunjika, nyuma kushoto. Senta bolti imekatika. Yubolti zimelegea, zimekazwa. Bushi zimeliwa. Jani tena, nyuma kulia. Lami ya kutoka Makambako iliishia upande wa Songea, na kutoka huko kuja kwetu Mbinga ilikuwa udongo, mawe na makorongo. Masika, safari ya kilomita 100 iliweza kula siku nzima. Kila jiwe lilipiga springi, nazo zilikuwa za kwanza kusalimu amri.

Spea mpya ilitoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, kwa kumtuma mtu au kuipakia kwenye basi na kuomba ifike. Kwa hiyo fundi wetu wa Mbinga alitengeneza mwenyewe. Alikata jani la springi ya lori kuukuu, akalipasha kwenye moto wa mkaa mpaka likawa jekundu, akalipinda kwa nyundo juu ya kipande kinene cha chuma, huku akilipimia kwenye lile lililovunjika. Mimi nilizungusha feni ya mkono ya kupuliza moto. Chuma cha springi kisipozimwa sawasawa baada ya moto hupoteza ugumu wake au huwa kama kioo. Majani mengine yalidumu mwaka, mengine miezi mitatu. Fundi alilijua hilo na hakulificha. "Mzee, hili litakufikisha msimu wa kahawa," alimwambia baba. "Baada ya hapo uje tuzungumze." Sijakutana na dhamana iliyo wazi kuliko hiyo.

Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 baba aliamua kuiboresha. Aliongeza majani mawili kila upande wa nyuma, na pikapu iliyoundwa kubeba karibu tani moja ikabeba tani moja na nusu bila kuinama. Tulifurahi sana. Lakini springi isiyokunjika haifuti kipigo cha barabara, inakipitisha juu. Mwaka 1999 daftari linasema: chesi ina ufa nyuma ya kabini, kulia. Ikachomelewa kwa kibati, na mwaka uliofuata ufa ukatokea pale kibati kilipoishia. Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu wa kuelewa kwamba kwenye gari nguvu haipotei. Ukiizuia hapa, itaibuka pale.

Kisha inakuja sehemu ninayoisoma kwa uchungu. Bei ya kahawa iliporomoka, na kufikia 2001 ilikuwa chini kabisa. Mistari ya daftari inapungua. Oili iliyokuwa ikimwagwa kila kilomita 5,000 inafika 7,000, mara 9,000. Katikati ya kipindi hicho taa ya T-BELT iliwaka kwenye dashibodi. Taa hiyo huwaka kilomita 100,000 zinapotimia, kukukumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi. Baba aliandika: mkanda, itazamwe tena. Akaandika hivyo mara nne. Mwandiko wake ni ule ule, ulionyooka, lakini naona mtu aliyekuwa akichagua kati ya mkanda na ada ya shule, na ada ilikuwa yangu.

Mkanda ulikatika 2002 tukitoka Songea. Hakukuwa na mlio mkubwa; injini ilizima tu kama mtu aliyenyamaza katikati ya sentensi. Kwenye 3L, mkanda ukikatika, mhimili unaofungua valvu husimama wakati pistoni bado zinapanda, na pistoni hukutana na valvu zilizobaki wazi. Tulivutwa na lori. Hedi ilipofunguliwa valvu kadhaa zilikuwa zimepinda. Wiki 6 gari lilikaa juu ya magogo, msimu wa mavuno, na kahawa yetu ikabebwa na gari la kukodi kwa karibu nusu ya faida. Baba hakumlaumu mtu. Tangu siku hiyo ukurasa wa mwisho wa kila daftari una kilomita za mkanda, zimeandikwa kwa kalamu nyekundu na kupigiwa mistari miwili.

Nilipoanza kuendesha mwenyewe, mwaka 2007, gari lilianza kuugua ugonjwa mpya. Asubuhi, kwenye baridi yetu ya milimani, hita plagi zikishapata moto liliwaka mara moja. Ukilizima likiwa la moto, sokoni au kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, halikuwaka tena. Tulibadilisha betri, tukabadilisha stata, tukatoa hewa kwenye dizeli kwa kile kipampu cha mkono kilicho juu ya filta, tukikikandamiza mpaka kinakuwa kigumu. Halikuwaka. Ni fundi yule yule aliyechukua kitambaa, akakilowesha maji ya baridi, akaifunika pampu ya dizeli na kusubiri kama dakika tano. "Piga stata." Likawaka.

Alinieleza hali akiwa ameshika kitambaa kile. Pampu ya injini hii haina oili yake. Dizeli inayopita ndani ndiyo inayoilainisha. Dizeli ikiwa nyepesi, chuma husagana na chuma, nafasi zinapanuka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Baridi inapokuwepo dizeli ni nzito kidogo na pampu bado inaweza kuisukuma. Ikipata moto inakuwa nyepesi zaidi, inapenya pembeni, na nozeli hazipati shinikizo la kutosha. "Mjomba," aliniambia, "gari lako halina kosa. Linakunywa mafuta ya taa."

Hiyo ndiyo miaka ya kuchakachua. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, na tofauti hiyo iliwashawishi wengi kuchanganya. Neno lenyewe lilitoka kwenye matangi ya mafuta, na mwaka wa uchaguzi wa 2010 likahamia kwenye kura, mpaka watoto wakalitumia kwa kila kitu. Kwangu mimi lilibaki kuwa neno la pampu. Mwaka huo huo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuyatambua yaliyochanganywa, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ikaikaribia ya dizeli. Wengi walilalamika, na walikuwa na haki, kwa sababu koroboi na jiko la mafuta ya taa vilikuwa vya watu maskini. Lakini daftari langu linaonyesha filta za dizeli zikidumu mara mbili ya zamani kuanzia 2012. Sijui nifanye nini na mambo hayo mawili yakiwa yote ni kweli.

Halafu ikaja lami. Mkataba wa Changamoto za Milenia na Marekani ulitiwa saini Februari 2008, na moja ya barabara zake ilikuwa Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78. Tuliona kwanza vigingi vyenye rangi, kisha magreda, kisha vumbi la miaka kadhaa, na hatimaye asubuhi moja nikapita mahali pale ambapo jani la kwanza la springi lilivunjika 1995 nikiwa na gia ya tano. Niliegesha pembeni. Nilitaka tu kusimama hapo.

Kuanzia hapo springi zinatoweka kwenye daftari kana kwamba hazijawahi kuwepo, na yanaanza mengine. Matairi yameisha upande. Breki padi. Breki padi tena. Usukani unatetema kwenye kilomita 80. Zamani hakuna aliyejua kama unatetema kwa mwendo huo, maana hatukuwahi kuufikia. Beringi za nako zilikuwa zimechoka miaka mingi bila kusema lolote. Injini nayo, iliyozoea kupanda polepole kwa gia ya pili, sasa ilisukumwa kwa saa mbili mfululizo, ikachemsha mara tatu katika mwaka mmoja, na ya tatu ikaunguza gasketi na kupasua hedi.

Mwaka 2014 niliifanyia mabadiliko makubwa kuliko yote. Niliagiza injini ya mtumba Dar es Salaam, 5L, ndugu mkubwa wa 3L, yenye karibu lita 3, inayokaa kwenye mikono ile ile ya injini na kufungwa kwenye giaboksi ile ile. Nikaweka rejeta mpya, shokapu mpya, na nikayatoa yale majani ya springi aliyoongeza baba. Yalikuwa yameshikana kwa kutu, tukayatenganisha kwa patasi. Pikapu ilishuka kama inchi mbili, ikaanza kutembea kwa ulaini nisiowahi kuujua. Baba aliizunguka, akaweka mkono kwenye bodi na kuibonyeza. Aliuliza jambo moja tu: namba mpya ya injini imeshaandikwa kwenye kadi ya gari?

Mdogo wangu, anayesafirisha samaki kutoka Mbamba Bay, ana Hilux ya kizazi cha baadaye, ile ya D-4D. Ni gari zuri, lenye nguvu, na nimeliendesha kwa furaha. Lilipozima njiani mara ya kwanza tulimwita fundi wetu, mzee sasa. Alifungua boneti, akatazama lile bomba moja linalogawa dizeli kwa nozeli zote kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000, akaiweka mikono yake nyuma. Hakugusa kitu. Kijana aliyekuja kutoka Songea na kompyuta alipata jibu kwa dakika kumi: nozeli ya tatu. Nozeli mpya huja na namba zake zinazotakiwa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari, na bei yake ingenunua majani ya springi ya miaka mitano. Kijana alikuwa hodari, na jibu lake lilikuwa sahihi. Kilichoniuma ni ile mikono nyuma ya mgongo, mikono iliyojua kusoma ugonjwa wa pampu kwa kitambaa cha maji.

Nilimwomba mzee aje nyumbani wiki iliyofuata, anisaidie kazi moja.

Barabara ya kwenda shambani kwetu haina lami. Kwa miaka minane hivi sikuwa nimepanda ule mlima masika, kahawa ikishushwa kwa pikipiki, na siku nilipojaribu, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure. Nilishuka nikashika kitasa cha kushoto. Hakikusogea. Cha kulia hakikusogea pia. Zana isiyotumika nayo huugua, na ugonjwa huu haukuandikwa popote kwenye daftari kwa sababu hakuna aliyeuona ukiingia.

Tulizifungua habu siku nzima chini ya mparachichi, mimi, mzee, na kijana wangu aliyeshika beseni la dizeli. Grisi ya zamani ilikuwa imegeuka kama sabuni, yenye rangi ya udongo wetu. Mzee alifuta kila kipande kwa kitambaa, akakiinua kwenye mwanga, akakipitisha kidole. Jioni baba, ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri, aliomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea:

Habu zote mbili zimefunguliwa, zimeoshwa kwa dizeli, grisi mpya, mpira wa kuzuia grisi umebadilishwa kushoto. Ya kushoto inageuka kwa vidole. Ya kulia bado ngumu. Itazamwe tena.