Bata wetu aliyechechemea

Hapa Likasi, mji ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, watu wengi hufuga bata nyuma ya nyumba. Sisi pia, huku Kikula, tunao sita. Asubuhi moja wakati wa mvua nikaona bata jike mmoja anachechemea. Bila kumtazama vizuri nikamhukumu mtoto wa jirani kwamba amempiga jiwe, kwani nilikuwa nimemwona na manati. Nikamkemea mbele ya mama yake. Mtoto akalia, akasema, “Baba, si mimi.” Sikumsadiki.

Jioni mke wangu akampakata bata yule, akamgeuza mguu. “Baba watoto, njoo utazame.” Kumbe katikati ya unyayo pana uvimbe wa moto, na juu yake kigaga cheusi. Jiwe la manati halifanyi hivyo. Ugonjwa huu huanza polepole: ngozi ya unyayo hukwaruzwa na mawe, au hulainika katika matope machafu, ndipo vijidudu viitwavyo stafilokoki huingia, na usaha hugandamana ndani. Bata mnene huumia upesi zaidi. Na ni nani aliyemwaga mawe makali uani ili tusikanyage matope? Ni mimi mwenyewe.

Basi, tukaanza kumwuguza. Asubuhi na jioni tuliuloweka mguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, dakika 15; tukaukausha, tukapaka iodini, tukaufunga kitambaa safi bila kubana vidole. Alilala juu ya nyasi kavu, zikabadilishwa kila siku. Kigaga hatukukibandua kwa nguvu, wala hatukukata kwa wembe, maana akataye ovyo huweza kuupeleka uchafu mpaka mfupani. Uvimbe ukizidi, hiyo ni kazi ya mganga wa wanyama. Tena kila mara tulinawa mikono kwa sabuni, kwa sababu vijidudu vile huwadhuru watu pia. Mawe nikayazoa yote. Tukawawekea bata beseni la maji safi, na majani ya lengalenga na matembele, yenye vitamini A inayoimarisha ngozi.

Mguu ukaanza kupona, lakini moyo wangu haukupona. Mtoto yule hakuja tena kucheza uani kwetu. Jumapili, wenzangu walipokwenda kukomunika, mimi nilibaki nimeketi. Bwana wetu ametuagiza tupatane kwanza na ndugu, ndipo tulete sadaka altareni. Baada ya Misa nikapiga hodi kwa jirani, nikasema mbele ya mama yake, kama nilivyomkemea mbele yake: “Mwanangu, nilikusingizia. Nisamehe.” Akatazama chini kitambo, kisha akauliza, “Bata anaendeleaje?”

Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akimshika bata nilipomfunga kitambaa. Baada ya majuma matatu bata akatembea vizuri.

Ndugu zangu, chunguzeni nyayo za bata wenu kila juma. Na kabla ya kumhukumu mtu, tuugeuze kwanza unyayo.