Kuinua Gari

Kila kitu kina kimo chake, na aghalabu kimo hicho hakikuwekwa kwa bahati. Mti hupanda kwa kadiri ya mizizi yake, na nyumba kwa kadiri ya msingi wake. Mtu aongezaye kimo cha kitu bila kuuliza kwa nini kilikuwa kifupi hujitafutia taabu. Jambo hili, ewe msomaji, nalijua kwa sababu nililitolea ada, na sehemu kubwa ya ada ile ililipwa na mtu mwingine.

Nilikuwa na pikapu ya kuchukulia viazi na maziwa kutoka Kinangop mpaka Naivasha. Mwaka 2018 mvua za masika zilikuwa nyingi mno nchini Kenya. Barabara zetu za udongo ziligeuka matope, malori yakachimba mifereji kwa magurudumu yake, na tuta lililobaki katikati likawa linakwaruza tumbo la gari langu. Mara mbili nililala njiani, na maziwa yakachacha. Basi nikaazimia kuliinua gari.

Yafaa nikueleze namna kazi hiyo ifanywavyo. Upande wa nyuma, pikapu yangu ilikaa juu ya springi za bapa, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopindwa kidogo na kupangwa kimoja juu ya kingine, vikafungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Fundi hutia pande la chuma baina ya ekseli na springi, na kadiri ya unene wa pande hilo ndiyo kadiri ya kuinuka kwa gari. Upande wa mbele palikuwa na fimbo za chuma zinazobeba uzito kwa kujinyonga, kama nguo inapokamuliwa. Fundi akikaza bolti moja kila upande, pua ya gari hupanda. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Nyuma iliinuka inchi 3, na mbele pungufu ya hapo. Watu walisimama kulitazama gari langu, nami nikajiona mtu mkubwa.

Juma lile lile niligonga jiwe. Nilishangaa, kwani nilidhani nimepita juu ya mawe yote. Kumbe difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, lilikuwa pale pale lilipokuwa zamani. Kilichoinuliwa ni kile kilichobebwa na springi, wala si ekseli yenyewe. Ekseli huinuliwa na gurudumu, na gurudumu likizidi kwa inchi 2 za kipenyo, ekseli hupanda inchi 1 tu. Hilo lilikuwa onyo, lakini sikulisikia.

Jumamosi moja nilipakia magunia ya viazi mpaka yakapita kimo cha kabini. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, aliomba kupanda juu yake. "Baba Mdogo," aliniambia, "kutoka huko juu nitaliona bonde lote." Mimi niliyepaswa kumkataza nilicheka tu.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Naivasha, nilikanyaga breki karibu na kona, gari likachelewa kutii. Niliingia kona kwa mwendo niliouzoea miaka yote. Gari lililala upande, magurudumu ya upande wa pili yakawa mepesi, kisha likarudi chini kwa kishindo. Halikupinduka. Lakini magunia mawili yalikuwa yameanguka, na mtoto hakuwapo. Nilimkuta katika nyasi, mkono wake umevunjika. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama viazi vimeharibika.

Baadaye nililipeleka gari kwa fundi mzee, akalala chini yake kwa muda mrefu. Alipotoka aliniambia, "Mwanangu, uliongeza kimo, lakini upana baina ya gurudumu na gurudumu hukuuongeza hata kidogo. Mtu aliyejitwika mzigo kichwani hukata kona kama aliyeubeba mgongoni?"

Akanionyesha valvu ndogo ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari likiwa tupu, fremu huwa juu, na valvu hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge na kuteleza. Gari likipakiwa, fremu hushuka, na valvu huongeza nguvu hiyo. Mimi niliinua fremu bila kurekebisha fimbo, hata valvu ikadanganyika kwamba gari ni tupu, hali limejaa viazi.

Tena pande lile la chuma halikuongeza nguvu ya springi. Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alieleza kwamba springi hujinyoosha kwa kadiri ya nguvu inayoivuta, nawe hukutana na kanuni hiyo katika fizikia. Kwa magunia yale yale, springi zangu zilizama kama zilivyozama zamani.

Tuliyatoa mapande yale, tukatia springi zilizotengenezwa kwa mzigo mzito, zilizoinua gari kwa inchi 1 na nusu. Upande wa mbele tulilegeza bolti ili pua ilingane na nyuma. Tulirekebisha fimbo ya valvu, tukahakikisha kwamba mipira ya breki haivutwi magurudumu yanaponing'inia, tukashusha taa zilizokuwa zikiwapofusha waliotujia, na baada ya siku chache tukazikaza yubolti tena. Tulifunga pia matairi yenye meno makubwa, na hayo ndiyo yaliyonisaidia matopeni kuliko inchi 3 zile.

Simkatazi mtu kuinua gari lake, kwa kuwa barabara mbovu ina haki ya kujibiwa. Namwomba tu, kabla ya kuongeza inchi moja, avihesabu vyote vilivyofungamana na inchi hiyo: breki, taa, mzigo, na mtu aliyeketi juu ya mzigo. Mkono wa kijana wetu ulipona, ila haunyooki sawasawa. Kila anaponipa chai nauona, na yeye hajanilaumu hata siku moja.