Kata, Wilaya na Mto Ng'ombe

Wanafunzi wa jiografia niliowafundisha takwimu wengi wao walikuwa wameikimbia hesabu tangu sekondari. Walikuja maabara ya kompyuta wakitarajia kupaka ramani rangi, nami nikawaanzishia papo hapo kwenye rangi. Tulifungua QGIS, programu isiyolipiwa, wakachora idadi ya watu kwa mikoa kutokana na sensa ya 2012. Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 4.3, ikatokea kama doa ufukweni. Lindi, ambayo haikufikisha hata milioni moja, ikatanda sehemu kubwa ya kusini. Jicho husoma ukubwa wa eneo likadhani limesoma watu. Walipogawanya idadi kwa kilomita za mraba, ramani ikapinduka.

Lakini somo nililolipenda kuliko yote ni la mipaka. Mwaka 1979 Stan Openshaw na Peter Taylor walichukua kaunti 99 za jimbo la Iowa, Marekani, wakapima uhusiano wa asilimia ya wazee na asilimia ya wapigakura wa chama cha Republican. Kila walipoziunganisha kaunti zilezile kwa namna nyingine, jibu lilibadilika: kipimo cha uhusiano huo kiliweza kushuka chini ya −0.8, kikaweza pia kupanda kupita 0.9. Hakuna mtu aliyehama wala kura iliyoongezwa. Mistari tu ndiyo iliyosogezwa.

Jambo hili halisadikiki mpaka mtu alifanye kwa mkono wake. Niliwapa kata za Dar es Salaam wazikusanye wapendavyo, kisha wakokotoe uhusiano upya. Binti mmoja aliyekulia Tandale aliona uhusiano uliokuwa dhahiri kwenye kata umefifia kwenye wilaya.

"Mwalimu, sasa jibu ni lipi?"

Nikamuuliza kama mafuriko ya kwao Tandale hufuata mipaka ya kata.

"Yanafuata Mto Ng'ombe," akasema.

Basi tukaziweka kata kando. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria ulikuwa umewashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora nyumba, njia na mitaro ya mitaa inayofurika, na data hizo ziko wazi kwa yeyote. Tukazihamisha kutoka digrii kwenda mita, kanda ya UTM 37 Kusini, maana umbali wa mtaani haupimwi kwa digrii, tukapima kila nyumba iko mita ngapi kutoka mtoni. Yule binti akaisogelea skrini, akaonyesha nyumba za jirani na mto ambazo maji hayaingii kwa kuwa zimejengwa juu ya kifusi. Akataka tuongeze mwinuko wa ardhi. Tukauongeza, tukakokotoa upya.